Kaka Aliyelewa Bila Kunywa

Mzaha wangu uliopendwa kuliko yote hapa Ikutha ni ule wa kumwigiza kaka yangu. Nilipinda mdomo, nikatetemesha mikono, nikasoma aya ya Biblia kwa ulimi mzito. Darasa zima la Fomu Wani lililala juu ya madawati. Hata mwalimu wa zamu alicheka kabla ya kukumbuka kwamba yeye ni mwalimu.

Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa na alipiga gitaa kwenye kwaya. Mwaka huo vidole vilianza kukosa nyuzi, maneno yakaburutika, macho yakawa manjano. Mama mmoja wa kwaya akaninong'onezea, "Huyu siku hizi anaonja kaluvu, ama?"

Kaluvu ni pombe yetu, na kwetu kanisani hata kuinusa ni dhambi. Nikamjibu, "Kuonja? Jumamosi nilimpata ameukumbatia mtungi kama bibi harusi."

Sikumpata popote. Nilitaka yule mama acheke, na alicheka. Jumapili iliyofuata mchungaji alimtoa kaka kwenye kwaya, akamketisha benchi la nyuma, la waliotengwa.

"Wewe, uliniona wapi?" kaka aliniuliza nyumbani.

"Si nilikuwa nacheza tu."

"Basi kawaambie ulikuwa unacheza."

"Nitawaambia."

Sikuwaambia. Mzaha ukishaelezwa unaharibika, na mimi nilikuwa na jina la kulinda.

Tumbo lake likavimba. Mama akasema hana damu, akawa anamnunulia maini buchani kila Jumamosi, sisi wengine tukinusa tu. Mwishowe Baba akauza ng'ombe, tukaenda sote hospitali ya Nairobi. Daktari alimmulika kaka machoni, akaona pete ya kahawia imezunguka mboni.

"Ni pombe, daktari," Baba alisema, ameinamisha kichwa.

"Hapana, mzee. Hii amerithi kwenu wawili. Kila mmoja wenu amebeba kasoro moja, haimuumizi. Yeye amepata zote mbili. Mwili wake haujui kutoa shaba iliyo kwenye chakula, kwa hivyo imejaa kwenye ini, sasa imefika kichwani."

Nikauliza kama tunaweza kumuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ni kaka peke yake aliyecheka.

Mama aliuliza kuhusu maini. Daktari alitazama dirishani kwanza. "Maini, mama, yana shaba nyingi sana. Lakini hukujua."

Nami wakanipima. Ninazo zote mbili. Baba yuleyule, mama yuleyule, kasoro zilezile, na mimi sikuwa hata na kikohozi. Nikauliza, sasa mbona yeye amekwisha na mimi naruka? Daktari akasema kasoro hii ina sura nyingi, na hata ndugu wenye sura moja hawaugui sawa, kwa sababu kuna mengine wamerithi tofauti. "Hatujayajua yote," akasema. Tukapewa vidonge vilevile. Mimi vilinikaa vizuri. Yeye vilimzidishia kutetemeka, na ini halikuwa na siku za kungoja.

Kaka aliomba kitu kimoja tu: kurudi mbele kwenye kwaya.

Jumapili nikasimama. Kabla sijafungua mdomo watu walikuwa wanatabasamu. "Nilidanganya," nikasema. "Kaka hajawahi kunywa." Wakacheka.

"Keti, msichana wangu," mchungaji akasema. "Leo si siku ya vichekesho."

Sikuketi. Nilirudia, nikataja ugonjwa, nikasema hata mimi ninao, mpaka kicheko kikakatika na Mama akaanza kulia kwa sauti. Mchungaji akasema, "Mleteni mbele."

Kaka alikalia benchi la kwaya Jumapili mbili tu kabla hatujamzika. Hiyo ya kwanza wazee wawili walimshika makwapa hadi mbele, wakampa nafasi ya kushukuru. Akafungua mdomo. Mdomo ukapinda, mikono ikatetemeka, maneno yakatoka yakiburutika.

Nyuma kabisa, kijana mmoja wa darasa letu akaangua kicheko. Simlaumu. Mara zote alizowahi kuisikia sauti ile, ilitoka kwangu.