Saini ya Bosi

Kilichoninyima usingizi ni jinsi bosi alivyokubali haraka.

Mitihani ya cheti cha uchunguzi wa udanganyifu nilikuwa nimeshafaulu. Nilihitaji mtu wa kazini athibitishe uzoefu na uaminifu wangu, na katika ofisi yetu ya kununua dagaa, Bangwe, wa kunisainia alikuwa yeye tu. Nilimfuata na maelezo marefu. Sikufika hata katikati.

"Lete nisaini, binti. Ukikipata hicho cheti hutakaa Kigoma. Utatuachia harufu yetu."

Nilicheka naye, kisha nikakumbuka jana yake. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini magunia ya mfanyabiashara mmoja yanaingia stoo bila kufunguliwa, wakati ya wengine wote tunayamwaga tuone kama dagaa walianikwa kwenye vichanja au mchangani. Mchanga una uzito, nasi tunanunua kwa kilo. Alinijibu, "Yule tumetoka naye mbali."

Sasa leo ananitakia safari ya kuondoka?

Nyumbani Ujiji nilimsimulia shangazi, ambaye alikuwa anachagua mchele.

"Mtu amekukubalia, bado unamtafutia kosa. Angekukatalia je?"

"Ningemshuku pia."

"Basi mgonjwa ni wewe. Juzi ulinusa mawese yangu kabla ya kupakua. Unadhani sikukuona?"

Labda bosi alikuwa mtu mwema tu, na mimi nilikuwa nimesoma kupita kiasi. Niliwaza hivyo nikapata nafuu, kisha nikaishuku hata ile nafuu: ilikuwa inanifaa mno. Magunia yakiwa safi, kuyafungua kungetugharimu uzi wa kuyashona upya. Yasipokuwa safi, ningekuwa nimethibitishwa kuwa mwaminifu na mtu niliyeogopa kumkagua.

Asubuhi nilimkuta kwenye mzani.

"Shikamoo, bosi. Naomba usinisainie kwanza."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Yale magunia. Naomba tuyafungue, na wewe ukiwepo."

Alinitazama mpaka nikatamani kusema natania.

"Na nikikataa?"

"Nitaandika kwenye ripoti ya ukaguzi kwamba hayakufunguliwa."

"Na cheti chako?"

"Kitasubiri."

Nilichukua kisu mezani, nikaingia stoo, nikakata uzi wa gunia la kwanza.