Kipande cha Kandambili

Siku moja ya msimu wa ufuta naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka hata siku ya harusi yangu. Nimeikimbia kwa miaka yote uliyoishi wewe. Lakini jana asubuhi nimekukuta umeinama ndani ya pikapu yako, utepe mweusi mkononi, unataka kuiziba ile taa nyekundu inayosema mlango uko wazi. Nikakwambia acha kwanza. Ukacheka: "Mzee, hii taa kero tu, mlango si umefungwa?" Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa kicheko hichohicho, na leo nimeona nikae nawe nikueleze yaliyofuata.

Nilikuwa kijana, nina pikapu yangu hapa Somanga, na maringo yangu yalikuwa marefu kuliko gari lenyewe. Nilibeba ufuta na abiria kutoka Likawage. Unaijua ile barabara, vumbi lake linaingia hata kwenye meno. Taa ya mlango ikaanza kuwaka ovyo. Mlango wa abiria ukiubamiza inazima, ukiufunga kistaarabu inabaki inakutazama. Nikampelekea Fundi Mbonde, mzee wa Kimatumbi ambaye maneno aliyatoa kwa kupima.

"Shikamoo, fundi. Taa ya mlango imeharibika, nataka uizime."

"Marahaba." Akaufunga ule mlango, akaufungua, akaufunga tena, sikio amelisogeza karibu. "Taa nzima hiyo. Kitasa ndicho kimelika, kinauma nusu, hakishiki chote. Niachie gari kesho."

"Kesho naenda Likawage kumchukua mama mkwe."

"Basi mama mkwe asikae mlango huu." Akanitazama. "Kijana, mtu akikuambia nyumba yako inaungua, humzibi mdomo."

Nikaona mzee ananitafutia kazi isiyokuwepo. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshakufa siku nyingi.

Mama yako alikuwa na mimba yako, ya kwanza, siku zake zimekaribia. Kwetu uzazi wa kwanza msichana halelewi na mtu mwingine ila mama yake. Kila siku mama yako aliniuliza, "Mama anakuja lini?" Aliogopa sana kuzaa, na hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona mama yake ameketi kitandani pembeni yake. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumleta.

Basi nikajitibia mwenyewe. Kwenye nguzo ya mlango kuna kitufe kidogo. Mlango ukifungwa sawasawa unakibonyeza na taa inazima. Nikakata kipande cha kandambili kuukuu, nikakigandisha kwa gundi juu ya kitufe kile. Sasa hata mlango ukifungwa nusu, kitufe kinabonyea. Taa ikanyamaza. Nilijiona fundi kuliko fundi.

Likawage nilipokewa vizuri. Bibi yako, mzaa mama yako, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye haya nyingi, hakuwahi kunitazama usoni tangu nilipoposa. Nyuma ya gari walikaa abiria juu ya magunia, na yeye kwa heshima yake nikampa kiti cha mbele. Akaweka kikapu katikati yetu, ndani yake unga, ufuta na kuku jike wa supu ya mzazi. Kisha akajisogeza hadi mlangoni kabisa, kanga kaivuta usoni, maana mama mkwe habanani na mkwewe. Mlango aliufunga kwa ncha za vidole, kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Nikatazama dashibodi. Taa haikuwaka. Ingewakaje, na mimi ndiye niliyeiua?

Njiani niliusikia mlango unagonga. Usidhani sikuusikia, mwanangu. Angekuwa mtu mwingine ningenyoosha mkono nikaubamiza. Lakini mkono wangu upite juu ya mapaja ya mama mkwe? Na nimwambie yeye abamize, nionekane namfokea? Ningeweza kusimama, nikazunguka nje, nikaufunga kwa adabu zote. Hatua kumi tu zile. Nimezihesabu hatua hizo kila siku tangu hapo. Taa ilikuwa imezima, na mimi nikachagua kuiamini taa niliyoidanganya mwenyewe.

Tulipoteremka kwenye korongo kavu gari likainama upande wa bibi yako. Sikusikia ukelele wake. Nilimsikia kuku. Halafu abiria wa nyuma wakaanza kupiga bati la gari kwa viganja, "Simama! Simama! Mama kaanguka!" na nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu, mlango unapepea.

Nilimkuta juu ya mawe, kanga bado kaishika usoni. Damu ilitoka sikioni. Nikapiga magoti, nikamwita mama, mama. Akanijibu kwa sauti ndogo, na ndiyo mara pekee aliyonitazama: "Mlango ulikuwa unalia tangu nyumbani, baba. Niliona haya kukuambia."

Hatukufika naye hospitali.

Sasa nakuja kwenye dhambi ninayoiona kubwa zaidi. Kufa kila mtu atakufa, na ajali ina jina lake. Lakini waliponiuliza nilisema nini? Baba mkwe aliniuliza, wazee waliniuliza, mama yako aliniuliza amekaa chini na tumbo lake, "Mlango ulifungwa?" Nikajibu, "Ulifungwa. Taa haikuwaka." Kila neno lilikuwa kweli na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Baba mkwe alinishika mkono akanifariji, mimi! Siku nne baadaye ukazaliwa wewe. Yule kuku alichinjwa kama ilivyokusudiwa, na mama yako akainywa supu ile huku analia.

Fundi Mbonde alikuja kuhani. Kabla hajaondoka alikwenda peke yake kwenye gari, akafungua mlango, akabandua kile kipande, akaja kukiweka kwenye kiganja changu na kuvikunja vidole vyangu juu yake. Alikufa hajamwambia mtu, na ukimya wake ulinichoma kuliko matusi. Kipande chenyewe hiki hapa, nimekitunza kwenye kopo la misumari. Kishike.

Nilijipa ahadi ya kumwambia mama yako. Nikasema akipata nguvu. Kisha nikasema ukianza kutembea, kisha ukimaliza shule. Mwaka jana tumemzika, na hadi siku ya mwisho alikuwa akiwaambia watu kwamba mume wake alifanya yote aliyoweza. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Wangu alikuja akakaa, akazeeka pamoja nami. Hakuna wa kuniambia nimekusamehe, maana wenye haki ya kusema hivyo wote wako udongoni. Umebaki wewe, na wewe nimekunyima bibi kabla hujavuta pumzi.

Kwa hiyo usiizibe taa, mwanangu. Kinachokuonya usikinyamazishe, kitafutie sababu yake. Toa kitufe, kifute vumbi, kisugue kwa msasa. Kama bado inawaka, tazama bawaba, kisha tazama kitasa kama kinauma chote au nusu, na kama kimelika, gari lisitoke hata kama harusi inakungoja. Heshima nayo isikuzibe mdomo. Heshima inayomwacha mtu aanguke si heshima, ni woga uliovaa kanzu. Mkeo, mkweo, abiria wako, waambie mapema kwamba kwako hakuna haya ya kusema mlango unalia. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo ukiwa na wa kumwambia. Mimi nilingoja wakati mzuri, na haukuja.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, sitajitetea. Ila leo ufungue mlango ule tuutengeneze wote wawili, macho yangu yangali yanaona. Mola akufungulie milango ya heri na akufungie ya shari, kila umchukuaye umfikishe, na usije ukawa na neno ambalo mwenye kulisikia amekwisha kuzikwa. Amin.