Nyuki Hanywi Mafuta

Lorna Pruett ana miaka sitini na mitatu, na ukimwambia apumzike atakuuliza kama umechoka wewe. Miaka thelathini na mmoja ametia nakshi bizimu za mikanda katika karakana ya Tollefson hapa Sheridan, zile bizimu za fedha ambazo vijana wa mashindano ya farasi wakali huvunjika mbavu ili wazipate. Mimi, Delbert, nilikuja mwezi wa tatu mwaka huu tu. Nilikuwa fundi wa matrekta mpaka goti liliponigomea, na ni Lorna aliyenisemea nikapewa kazi ya kung'arisha. Kwa hiyo mkinisikia nikijilaumu huko mbele, niacheni nijilaumu.

Kifaa chake ni kishikio cha shaba kinachotosha kiganjani, mbele kina tindo nyembamba, nyuma kina mpira wa kupitishia upepo. Kompresa ikiwaka, pistoni ndogo ndani yake huigonga ile tindo harakaharaka na kifaa kizima huvuma, ndiyo maana tunakiita Nyuki. Lorna humtunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Tindo huinoa kila baada ya majani machache ya nakshi, na kukisugua kisigino cha tindo hiyo, ule ukingo wa chini ya ncha, mpaka kiwe kioo, maana tindo isiyong'aa haichongi mstari unaong'aa. Akichonga chuma cha pua huichovya ncha katika mafuta yenye harufu ya dawa ya kuchua, na karakana nzima hunuka wazee wenye baridi yabisi.

Mwezi wa nne mistari yake ikaanza kuharibika. Nyuki alikohoa, akasita katikati ya jani, akaacha mikwaruzo ya kijivu. Lorna alisema Nyuki anaumwa. Dwight Tollefson, mwenye karakana, aliniambia pembeni kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Mwezi wa sita akamwambia Lorna waziwazi: bizimu ya bingwa wa mwaka huu iwe tayari Ijumaa. Ikitoka ya kijivu tena, kwenye benchi lake itawekwa mashine ya leza, ile inayochonga kwa mwanga, na yeye atahamia kaunta kuuza kofia na soksi.

"Kaunta sikai," Lorna akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Alhamisi asubuhi Nyuki akanyamaza kabisa. Dwight akaja, akaitazama mikono ya Lorna badala ya kukitazama kifaa. Alimwambia taratibu, kwa huruma iliyonikera hata mimi, "Si aibu, Lorna. Mikono inazeeka."

Lorna alifungua kopo la biskuti, akatoa tindo ya zamani na nyundo ndogo, akabana kipande cha fedha kwenye jiliwa. Aligonga polepole, bila upepo wala umeme, na jani likajikunja chini ya tindo likimeta kuanzia shina hadi ncha.

"Huo ndio mkono wangu," akasema. "Sasa tumwangalie Nyuki."

Akamfungua. Pistoni ilikuwa imenata katika utomvu wa manjano, mzito kama asali.

"Huyu hufanya kazi akiwa mkavu. Mafuta ni ya ncha ya tindo, siyo ya tumbo lake," akasema. "Nani anamnywesha?"

Dwight alijikuna shingo. "Labda ulimtia mwenyewe ukasahau. Mama yangu naye alianza hivihivi."

Hapo ndipo nilipouona uso wa Lorna. Mtu ambaye hakutishika na leza wala soksi alikishika kile kishikio akajaribu kukumbuka, na hakuwa na hakika. Niliumia sana. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni. Kila asubuhi nilifika wa kwanza, nikawasha kompresa, nikadondosha matone mawili kwenye mpira wa Nyuki. Ilikuwa shukrani yangu ya kimyakimya. Kwenye matrekta, kitu kinachotembea bila mafuta ni kitu kisicho na mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Matone mawili kila siku, tangu nianze kazi. Yeye hajasahau kitu."

Lorna alinitazama, kisha akashusha pumzi ndefu. "Nusura unipeleke kwenye soksi, mzee."

"Nilitaka adumu."

"Basi msafishe."

Alinipa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Sharti lake lilikuwa moja: kishikio kikiinamishwa, pistoni iteleze kwa uzito wake yenyewe. Mara ya kwanza ilikwama, akanirudishia. Mara ya pili akanirudishia bila hata kunitazama. Mara ya tatu ikateleza, nasi sote wawili tukaisikia ikigonga mwisho. Lorna alichonga siku ile yote iliyobaki, na Ijumaa saa sita mchana akaiweka bizimu mbele ya Dwight. Dwight aliigeuzageuza dirishani chini ya lenzi kwa muda mrefu, kisha akaenda kuiweka kwenye kabati la kioo. Leza hakuitaja tena.

Jumatatu nilikuta kifuniko cha kopo langu la mafuta kimechongwa herufi ndogo zinazometa: DELBERT, SI KWA NYUKI. Nilinuna mpaka chakula cha mchana. Siku hizi mteja akiuliza kama bado tuna mtu anayechonga kwa mkono, Dwight huja kukiazima kwangu kile kifuniko amwonyeshe.