Mshale Uliotoka Nje ya Ghuba

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya hifadhi ya bahari, Utende, alipoingia mama mmoja ameng'ata pindo la mtandio wake. Mwanawe alitoka kisiwa cha Juani asubuhi kwa boti ya injini, hajafika, na simu yake haipatikani.

Mtaalamu wa ofisi hiyo akafungua picha za kamera ya ufukweni. Kompyuta yake hulinganisha picha zinazofuatana, kisha huchora mishale kuonyesha kila kitu kinaelekea wapi. Boti ilikuwa nukta nyeupe, na mshale wake ulielekea nje ya ghuba.

"Basi anakwenda," mama akasema. "Injini inafanya kazi."

Mtaalamu alikuwa akitazama mishale ya mapovu ya bahari pembeni mwa boti. Ilikuwa na urefu uleule na ilielekea kulekule.

"Mama, haendi. Anachukuliwa na maji."

Mama akakaa sakafuni. Askari wa doria walikuwa wameshakimbilia boti yao.

Mchana walimleta kijana, midomo imemkauka, na boti yake wameikokota, injini imekufa. Mama alimpapasa mabega, kisha akarudi ofisini kuomba aonyeshwe kwenye kamera boti ya mwanawe ilivyofungwa gatini. Kwenye skrini haikuwa na mshale wowote.

"Iacheni hivyohivyo," akasema.