Chai Kwanza, Filamu Baadaye

Prodyuza wetu hapigi kelele. Akikasirika anamimina chai. Kila tunakorekodi, iwe ghorofani Ladywood au kwenye maghala ya Washwood Heath, hapa Birmingham, anakuja na chupa yake kubwa, na kabla kamera haijawashwa keshatuzungukia wote na vikombe, ncha za vidole nyeusi kwa hina, simu ameichomeka sikioni ndani ya hijabu. Akiongea na wakubwa husema "ndiyo, ndiyo" huku akitikisa kichwa kukataa. Sisi tunafuata kichwa.

Wiki jana alikuja bwana wa kampuni inayogharamia filamu. Tulikuwa jikoni kwa watu, Kingstanding, na Kemunto, anayeigiza mama, alikuwa akimgombeza mwanawe kwa Kiswahili. Bwana akasema mama aongee Kiingereza, watazamaji watachoka kusoma maandishi. Akamiminiwa chai. Akarudia, akaongezewa. Kwa prodyuza, mgeni hajibiwi kikombe chake kikiwa na kitu, kwa hiyo alikunywa mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza, prodyuza alikipokea kikombe, akajibu taratibu, kwa Kiingereza cha hapahapa Birmingham.

"Mama yangu alikaa mbele ya televisheni yenu miaka na miaka bila kuelewa neno, na hakuwahi kuinuka akaondoka. Watazamaji wako wataweza saa moja na nusu ya kusoma."

Kisha akanigeukia mimi mshika maiki, akaniashiria niwashe.

"Kemunto," akasema, "mgombeze tena huyo mtoto. Safari hii kwa sauti."