Mbao za Baba, Kunguni wa Nyanya

Juzi jirani yangu hapa Ngoingwa aliniita nikaone ukuta wake mpya: plastiki iliyotengenezwa ionekane kama mbao zilizolaliana. Badala ya kumsifu, nikaanza kujikuna. Usinicheke, rafiki. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na safari zangu ndefu huwa za namna hiyo: nasimama kwa jirani, nawashwa na Ruiru.

Huko Ruiru, miaka ya hamsini, baba alimjengea nyanya chumba ubavuni mwa nyumba yetu, ili aache kulala peke yake katika kibanda chake cha moshi. Mbao alizinunua kwa Mhindi mmoja wa Thika, akazipaka oili chafu ya lori hadi uji wetu ukanuka gereji. Kabla ya kupiga msumari hata mmoja alichukua ufito, akauchora alama za kila safu ya mbao, kutoka chini hadi kwenye paa. Alitaka ubao mmoja uishie sawasawa chini ya dirisha na mwingine uanzie juu yake. Hesabu ilipokataa, akazilaza mbao zipandane kiganja kizima, moja juu ya nyingine.

"Baba watoto, vidole viwili vinatosha," mama alisema. "Huko katikati unamficha nani?"

"Mistari lazima ikutane na dirisha. Watu watapita hapa!"

Watu walipita kweli, wakasifu. Lakini upande wa ndani mbao zilikuwa uchi, na katika zile nyufa za kina kunguni walihamia kabla nyanya hajazoea kitanda. Tulimwaga maji ya moto, hayakufika. Tukawachokoa kwa vijiti, wakatoka wamenona damu ya nyanya, wakapasuka kwa ile harufu tamu ya uozo ambayo hadi leo hunikatisha chai. Mmoja nilimkuta akielea kwenye uji wangu. Nilikuwa nimeshakunywa nusu, waliomtangulia sikuwauliza.

Nyanya alikunja blanketi lake. "Ukuta wako ni mzuri sana, mwanangu. Waachie wenyewe."

Akarudi kwenye moshi wake, ambao kunguni waliuogopa, na hakulala kwetu tena. Chumba baba akawapa kuku. Nao walijikuna.

Leo pale pamesimama magorofa. Jirani alikuwa bado anangoja sifa zake. Nikatazama dirisha: chini yake alikuwa amebandika kipande chembamba kama ukucha, mistari imepotea kabisa.

"Hukupanga kwa ufito," nikamwambia.

"Ufito gani?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba kwa hamu, nikajikuna hadi nyumbani.