Trauti wa Enesi

Enesi wa Iyula alijua kazi mbili: kuosha kahawa na kufuga trauti, samaki wa maji baridi. Ya kwanza alifundishwa na mama yake: kahawa ikipata moto katika birika la kuoshea, fungulia mfereji wa maji baridi, usiulize. Ya pili alifundishwa na Makene, mtaalamu aliyemletea mayai ya samaki mwaka 2006. Aliwalea miaka mitano katika bwawa lililolishwa na mfereji uleule. Jike mmoja mkubwa, aliyezoea kula mkononi mwake, alimwita Bibi.

Mwaka 2011 Makene alirudi na kipimajoto na daftari. Mito inapata joto, alieleza, na katika samaki zimo jeni zinazoamka joto linapozidi, zikaukinga mwili. Alitafuta ukoo ambao jeni zake huamka upesi. Kwa siku saba Enesi awahamishie samaki katika birika la kahawa, apashe maji yake kwa kuni hadi nyuzi ishirini na nne, aandike kila saa.

"Wakifa, Mama Tuntufye," alimwambia Enesi, "bwawa lako tunalifukia. Mradi haulishi wavivu."

Makene akaenda kukaa Mbozi Mission hadi siku saba ziishe. Siku ya pili samaki walielea juu wakihema. Jirani yake, Rubeni, akachungulia uani.

"Mchuzi umeiva, shemeji? Nilete ugali?"

Enesi alifungulia mfereji, maji baridi yakaingia birikani. Daftarini akaandika: ishirini na nne. Akafanya hivyo hadi siku ya saba.

Makene aliwakuta wote wazima. Alikata vipande vya mashavu ya samaki vipelekwe maabara, lakini furaha haikumruhusu kusubiri majibu. Kesho yake aliwapakia wote kwenda Momba, bondeni kwenye joto, katika bwawa la mfugaji Ngusa. Njiani Enesi alifungua kinywa mara nne. Kila mara alikumbuka bwawa lake, akakifunga.

Saa tisa alasiri samaki walianza kugeuka matumbo juu. Bibi alimfuata Enesi ukingoni, akaachama katika kiganja chake, akatulia.

"Ng'ombe wangu hunywa humu kila siku, mama," Ngusa alisema akicheka. "Hajafa hata ndama."

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu. Jeni zilikuwa zimelala.

"Hawakuonja joto hata siku moja," Makene alisema. Hakupaza sauti. Alimkabidhi koleo. "Anza kufukia upande wa mfereji, Mama Tuntufye. Unaufahamu vizuri."